Mwanzo wa Sikudhani

Siku ya ukaguzi, Mwalimu Riziki Shemdoe alivunja sheria kabla hata uji wa watoto haujachemka.

Aliivunjia nyuma ya jiko la shule, penye rundo la magunzi, mahali ambapo macho ya Bi Mfuasi hayafiki. Alichuchumaa mbele ya mtoto wa miaka mitano na miezi kumi na moja, akamshika mabega, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Haya, tena. La kwanza?"

"Kwa nini mvua inanyesha?" alisema Sikudhani.

"La pili?"

"Kwa nini kinyonga anabadilika rangi?"

"La tatu?"

"Kwa nini mwezi unatufuata tukitembea?"

"Sasa yote kwa pamoja."

Mtoto akayamimina yote matatu bila kukwama. Alikuwa ameambiwa mara moja tu. Riziki alifundisha darasa la kwanza miaka kumi na minane kwa chaki na kwa kwaya ya ba-be-bi-bo-bu, watoto arobaini na watano wakiimba mpaka bati linatetemeka, na kichwa chepesi alikijua akikiona. Hiki kilikuwa chepesi kuliko vyote alivyowahi kuvishika. Na kichwa hikihiki, kwa mujibu wa kumbukumbu za wilaya, hakikuwa na kitu ndani.

"Ukiingia darasani," alisema Riziki, "nenda kwa Bi Mfuasi umuulize hayo. Umenisikia, mwanangu?"

Sikudhani aliinamisha macho. "Nimesikia, Mwalimu."

Alisema amesikia. Hakusema atafanya. Lakini Riziki alikuwa na haraka, na mwenye haraka husikia anachokitaka.

Kosa lilikuwa hili. Sheria ya Kumfuata Mtoto ilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano sasa, na ilisema wazi kwamba kabla ya miaka sita mtoto ndiye anayeanza, mkubwa anafuata. Kumwekea mtoto swali mdomoni kuliitwa kumwanzishia, na mtu mzima aliyemwanzishia mtoto alinyang'anywa kitambulisho cha kazi. Cha Riziki hakikuandikwa hata Mwalimu. Kiliandikwa Mtazamaji. Mwalimu aliitwa na wanakijiji tu, kwa mazoea, naye hakuwakataza.

Darasani kazi ilifanywa na Mfuasi. Kila shule ya awali ilipewa mmoja: chombo kizito, kimo cha mtu aliyeketi, chenye macho sita, mikono miwili, na droo kumi na mbili mapajani. Humo mlikuwa na mbegu, sumaku, vioo, mizani, herufi za mbao, kila kinachoweza kutamaniwa na mtoto. Mtoto akiuliza jambo au akigusa kitu kwa hiari yake, Mfuasi aliandika mwanzo mmoja, kisha akamfuata hapohapo, kokote alikoelekea. Mbelwa, mtoto wa mwenye duka, alianza na swali la kwa nini pampu ya kisima inakohoa, akafika kwenye kujumlisha na kutoa kabla ya Ramadhani. Riziki aliyaona kwa macho yake. Kwaya yake ya ba-be-bi-bo-bu haikuwahi kumfikisha mtoto huko kwa mwaka mmoja, na alikuwa mkweli wa kukiri, ingawa alikiri kwa kununa.

Asiyeanza kitu mwaka mzima naye hakusahauliwa. Alipelekwa bondeni, kwenye Kituo cha Uamsho, akatiwa tone la kiamshi puani kila Jumatatu kwa miezi mitatu. Dawa ilifanya kazi, hakuna aliyebisha. Mjukuu wa jirani mmoja pale kijijini Kwemviu alirudi akiuliza maswali mpaka mbele ya sahani ya wali. Ila hakurudi yuleyule. Hadithi hakuweza tena kuisikiliza mpaka mwisho. Ikifika katikati alikwisha inuka, macho yanatafuta kingine. Miaka minne ilipita na bado alikuwa hivyo.

Na Sikudhani alikuwa mtoto wa kusikiliza. Jioni angeweza kukaa miguuni pa bibi yake mpaka hadithi iishe, kisha akaomba irudiwe pale pa fisi.

Bibi huyo, Bi Mwantumu, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ijumaa iliyopita alikuja mpaka nyumbani kwa Riziki, akakataa kiti, akasema amesimama.

"Mwalimu, wewe si ndiye uliyekuwa ukiwakaririsha watoto wa watu tebo mpaka ya kumi na mbili? Basi mkaririshe na huyu maswali. Matatu tu yatatosha."

"Bi Mkubwa, hilo ni kosa. Nikijulikana, kitambulisho changu kinachukuliwa."

"Na mimi mjukuu wangu anachukuliwa," alisema Bi Mwantumu. "Chagua wewe, maana umesoma."

Riziki hakulala vizuri siku tatu, kisha akachagua.

*

Mkaguzi alipanda kwa gari la waya la saa mbili. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watoto walilisikia gari kabla ya kuliona, likilia kwenye nyaya juu ya mashamba ya mapeasi. Akashuka kijana mrefu, koti limemzidi mabega, bango lake la kuandikia kalikumbatia kifuani. Jina lake Lutengano. Hakuwa na sura ya mtu wa kuogopwa, na hilo lilimwongezea Riziki hofu, kwa sababu mtu mpole huwezi kumchukia.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Lutengano.

Riziki alikuwa akiyahesabu yale maswali kichwani. Mvua, kinyonga, mwezi. Alimtazama mgeni bila kumwona.

Lutengano alisimama. Alihamisha bango mkono wa kushoto, akalirudisha wa kulia. Alikohoa kidogo. Alifungua mdomo kama anayetaka kuanza maelezo yake, akaufunga. Akatazama viatu vyake, kisha akajaribu upya, kwa sauti ya juu kidogo:

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu, nisamehe, mawazo yalikuwa mbali."

Uso wa kijana ukafunguka, na maneno yakapata njia. Alieleza kwamba yeye mwenyewe alilelewa na Mfuasi kule Rungwe, alianza na swali la nyuki. Kazi hii ya kuwapeleka watoto bondeni, alisema, haimpendezi hata kidogo. Mwaka huu, katika wilaya nzima, amepeleka kumi na mmoja. "Leo nakaa mpaka gari la saa sita. Sikudhani akianza jambo moja tu, hata akiuliza saa ngapi, nafunga jalada na kurudi nikiwa na furaha. Asipoanza, itanibidi nishuke naye. Bibi yake amearifiwa?"

"Ameshafunga sanduku," alisema Riziki.

Darasani, Bi Mfuasi aliketi mahali pake palepale, kwenye mkeka wa katikati. Jina la Bi alipewa na kijiji. Chombo kilipoletwa, wazazi waliitwa mkutanoni wachague sauti yake kati ya tatu. Mafundi waliwashauri wachukue sauti ya mtoto mwenzao, ili watoto wawe huru. Kwemviu wakacheka. Mtoto amfundishe mtoto? Wakachagua sauti ya bibi mtu mzima, nzito kidogo, ya kukwaruza. Akina mama hawakuishia hapo. Waliona haifai bibi kukaa kichwa wazi mbele za watu, wakamfunga kanga ya kichwani na nyingine ya begani, na kila Idi wakambadilishia. Mafundi waliporudi walimpiga picha, wakacheka wao.

Watoto kumi na wanane waliingia kama kuku waliofunguliwa banda. Mbelwa aliurukia mkono wa kulia wa Bi Mfuasi na kudai sumaku kubwa. Mwingine alivuta droo, mwingine alipanda begani. "Tutafute pamoja," alisema Bi Mfuasi kwa sauti yake ya kukwaruza, kwa kila mmoja na swali lake, na mikono ikaanza kazi.

Sikudhani aliingia wa mwisho. Alikwenda mpaka mbele ya Bi Mfuasi, akapiga goti, akasema neno dogo, akangoja. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaketi ukingoni mwa mkeka, miguu kaikunja, mikono magotini.

Riziki alisimama dirishani, mahali pa Mtazamaji, akishika chuma cha dirisha. Uliza, mwanangu. Mvua. Anza na mvua.

Saa tatu ikapita. Mbelwa alimwaga vipande vya chuma vikajipanga kwenye sumaku kama nywele zilizosimama, na Sikudhani akainua shingo kutazama, macho yanang'aa. Hakusema kitu. Kipande kimoja kiliviringika mpaka miguuni pake. Alikitazama muda mrefu. Akakisukuma kwa kidole kimoja kuelekea kwa wenzake, taratibu, bila kukiokota.

"Hicho si mwanzo?" aliuliza Riziki haraka.

Lutengano alitazama bango lake, akatikisa kichwa. "Mfuasi ameandika kwamba amerudisha kitu. Kurudisha si kuanza." Akaongeza kwa huruma ya kweli: "Pole, Mwalimu."

Nyuma ya jiko mtoto aliyasema yote bila kukwama. Kilichomfunga mdomo humu ndani ni nini?

*

Kengele ya uji ililia saa nne. Watoto walitoka na vikombe, na Riziki akamfuata Sikudhani mpaka kwenye ngazi ya nyuma. Kumuuliza mtoto kuhusu mambo ya darasani nako kulikuwa kosa. Lilikuwa la pili siku hiyo. Alishaanza kuyazoea.

"Sikudhani, mbona hukuuliza?"

Mtoto alipuliza uji wake. "Bibi hajaitikia."

"Bibi gani?"

"Bi Mfuasi. Nimemwamkia, hajaitikia."

Riziki alikaa kwenye ngazi. "Leo?"

"Leo na jana. Siku zote." Mtoto alizungumza kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida, kama anayesema kuna baridi. "Bibi wa nyumbani alisema, mkubwa ukimwamkia akanyamaza, usimparamie. Yuko kwenye jambo lake. Au umemkosea. Kaa, ngoja mpaka aitikie."

"Alikwambia lini hayo?"

"Nilipompanda mgongoni akiwa anasujudu."

Riziki alitaka kucheka na kulia, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alifanya yote mawili. Mwaka mzima! Mwaka mzima alimwona mtoto huyu akipiga goti kila asubuhi, na kila asubuhi alijisemea pale dirishani: angalau mmoja kafundwa kwao. Alijivuna kwa niaba yake. Yeye, Riziki, aliyemwitikia kila mtoto wa kijiji hiki kila siku ya Mungu, hakuwahi kujiuliza iwapo bibi yule wa kanga naye anaitikia. Wale wengine walimwamkia siku mbili za mwanzo, wakamwona kiziwi, wakamparamia. Sikudhani alifundwa vizuri zaidi, na kufundwa huko ndiko kulikokuwa kunampeleka bondeni.

"Mwalimu, unalia kwa nini?"

"Moshi," alisema Riziki. Jiko la shule lilikuwa la umeme wa jua, halikutoa moshi tangu lijengwe.

Aliingia ndani na kumkuta Lutengano akijaza fomu ya safari. Njiani kote, hatua kumi na tano tu, Riziki alikuwa akipigana na nafsi yake. Ili jambo hili lieleweke, ilimpasa aseme namna alivyolijua. Na namna alivyolijua ilianzia kwenye rundo la magunzi. Angeweza kusema nusu. Lakini mwongo wa nusu huulizwa nusu nyingine, na saa sita ilikuwa inakaribia.

"Bwana Mkaguzi, nimemwanzishia mtoto."

Kalamu ilisimama.

"Asubuhi ya leo. Nimemkaririsha maswali matatu nyuma ya jiko, akayashika mara moja. Kitambulisho changu hiki hapa." Alikivua shingoni akakiweka juu ya fomu. "Sasa nisikilize. Mtoto anayeshika maswali matatu kwa pumzi moja si mtoto aliyelala. Hakuyauliza kwa sababu chombo chenu hakijamwitikia shikamoo yake."

Lutengano hakuelewa, na Riziki akamweleza yote, pamoja na lile la kusujudu. Kijana alikunja uso. Alikwenda nyuma ya Bi Mfuasi, akainua kanga kwa heshima kama mtu anayeomba radhi, akafungua kifuniko cha mgongoni.

"Mfuasi anasikia kila kitu," alisema huku akitafuta. "Lakini si kila kitu anakiandika. Kikohozi, mvua juu ya bati, jogoo, nyimbo za kukariri, hivyo vinaingia kwenye kapu la kelele. Salamu nazo zimo. Waliomuunda walisema salamu ni kitu cha kufundishwa, mtoto hainuki kitandani akatamani kusema shikamoo. Kwa hiyo si mwanzo wake. Mfuasi anaisikia, anaitupa, hajibu."

"Kapu hilo lina kitu bado?"

"Halifutwi mpaka mwaka uishe."

Alitafuta jina la Sikudhani kwenye kapu. Sauti ikatoka, angavu, ya mtoto aliyefurahi kuvaa viatu vipya: *Shikamoo, Bibi!* Kisha ya siku ya pili. Kisha ya tatu. Lutengano aliziacha zifuatane. Mwezi wa pili ile furaha ilikwisha pungua. Mwezi wa tano mtoto aliamkia mara mbili, kwa kuhofia kwamba ya kwanza haikusikika. Mwezi wa nane sauti ilikuwa ya chini kama ya anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Ya asubuhi hii ilikuwa mnong'ono. Zote pamoja zilikuwa mia moja na tisini na nne, na shule ilifunguliwa siku mia moja na tisini na nne.

Lutengano alikaa chini, juu ya mkeka.

"Mwitikie," alisema Riziki.

"Mwalimu, siwezi kirahisi hivyo. Mfuasi haruhusiwi kumtangulia mtoto. Nikimfungulia aseme kwanza, hata kwa neno moja, nimemwanzishia. Jalada linabatilika, na yeye anakwenda bondeni hivyohivyo. Na mimi nakuwa nimeivunja sheria iliyonilea. Kabla yake, wenzangu walikuwa wakichapwa kwa kuuliza."

Riziki alikumbuka fimbo yake ya mtunguja juu ya kabati, na darasa lake la watoto arobaini na watano ambamo, kwa miaka kumi na minane, hakukumbuka swali hata moja. Aibu ilimshika. Lakini hakunyamaza.

"Bwana Mkaguzi, leo asubuhi uliniamkia, sikukuitikia. Ulifanya nini?"

"Nilingoja."

"Ulikuwa na kazi ya serikali mkononi. Mbona hukuanza tu?"

Lutengano alifungua mdomo.

"Ulikosa swali? Ulikuwa umelala? Ungetiwa tone puani?"

"Nilihisi..." Kijana alipapasa ukosi wa koti lake. "Nilihisi mlango umefungwa."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Yeye hajafika sita. Na wewe ulingoja dakika moja. Kuitikia si kuanza, mwanangu. Aliyeanza ni yeye, na ameanza mara mia moja na tisini na nne."

Nje vikombe viligongana kwenye beseni. Lutengano alitazama kapu lile, orodha ndefu ya neno moja, akapitisha kidole. Salamu zikahama kutoka kwenye kelele, zikaenda upande wa mianzo.

"Ya asubuhi hii bado inangoja jibu," alisema. "Itachelewa."

"Mkubwa akichelewa kuitikia, anaitikia akikumbuka. Ndiyo ilivyo."

*

Watoto walirudi. Riziki alisimama dirishani, safari hii bila kitambulisho, na Lutengano kando yake.

Sikudhani aliingia wa mwisho, akifuta mdomo kwa mkono. Alikuwa anaelekea ukingoni mwa mkeka wake kama kawaida wakati sauti ya kukwaruza iliposema:

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, Sikudhani."

Mtoto alisimama palepale. Wenzake hawakushtuka, kila mmoja na droo yake. Yeye aligeuka taratibu, akatazama ile kanga, yale macho sita. Akasogea hatua moja. Akasogea nyingine. Akafika mpaka mapajani, akaweka kiganja juu ya goti la chuma, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akamuuliza Bi Mfuasi jambo.

"Bibi, nilikukosea nini?"

Riziki aliziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Hakuwa ameyawaza hayo. Alidhani mtoto anangoja ruhusa. Kumbe mwaka mzima alikuwa anangoja msamaha.

"Hukunikosea," alisema Bi Mfuasi.

"Mbona ulikuwa huniitikii?"

"Salamu yako ilinifikia kila siku. Nilifundishwa kuitupa."

"Nani alikufundisha?"

"Watu wazima walioniunda."

Sikudhani alifikiri. "Kwani wao hawakuwa na bibi?"

"Sijui," alisema Bi Mfuasi, ambaye hakuumbwa kusema uongo. "Tutafute pamoja."

"Haya. Halafu kile chuma cha Mbelwa, kinajuaje pa kusimama? Na kwenye droo hii kuna nini? Naweza kufungua? Na hii? Na macho yako ya nyuma yanaona nini sasa hivi?"

Lutengano aliandika. Aliandika tano, aliandika tisa, alifika kumi na saba, akaacha. Bango lilikuwa limelowa machozi na ilibidi alifute kwa mkono wa koti. Riziki alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo wa kuni kichwani, na hakujali kwamba Mtazamaji haruhusiwi kucheka.

"Fomu ya safari?" aliuliza.

Kijana aliikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akachukua kitambulisho juu ya meza, akakigeuzageuza.

"Yale matatu uliyomkaririsha hayajatumika hata moja," alisema. "Sheria inamwadhibu aliyemwanzishia mtoto. Aliyejaribu akashindwa sijui inasemaje. Nitakuandikia onyo, Mwalimu, maana kosa ulilifanya. Ila kazi endelea nayo." Akamrudishia. Kisha uso wake ukabadilika. "Wale kumi na mmoja. Makapu yao bado hayajafutwa. Wa mwisho alishuka wiki iliyopita tu, katiwa tone moja. Madhara ya tone moja bado yanazuilika." Alikuwa ameshachukua mkoba. "Sitangoja la saa sita. Nitashuka na gari la mizigo."

Akakimbia kwenye ukungu, koti likimpepea. Kabla hajatoweka aligeuka akapaza sauti: "Kwaheri, Mwalimu!"

"Kwaheri, mwanangu!" aliitikia Riziki upesi sana. Hangechelewa tena kumjibu yeyote.

*

Bi Mwantumu alikuwa nje ya uzio, ameketi juu ya sanduku la bati, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa hapo tangu saa mbili. Alimwona Riziki anakuja macho mekundu, akainuka kwa shida.

"Niambie tu, Mwalimu. Nimejiandaa."

"Hajanyamaza tangu saa tano kasoro."

"Nani?"

"Mjukuu wako. Sasa hivi anauliza kama sisimizi hulala."

Bi Mwantumu alirudi kuketi, kwa kishindo, bati likalia. Alimshukuru Mungu, akamshukuru tena, akauliza ilikuwaje. Riziki alipomweleza, furaha ya bibi ilipungua katikati ya masimulizi.

"Basi ni mimi niliyemfunga mdomo."

"Hapana, Bi Mkubwa. Wewe ulimfunza kuamkia. Sisi ndio hatukuitikia."

Sikudhani alitoka mbio, kiganja kimejaa vumbi la chuma. Alimvuta Riziki nguo ili ainame.

"Mwalimu," alinong'ona, "yale matatu sijayauliza."

"Usijali, mwanangu. Uyaache."

"Nimeyaacha kwa sababu majibu yake nayajua. La mvua aliuliza Mbelwa. La mwezi aliuliza yule mwenye pengo. Nilikuwa nasikiliza." Akafikiri kidogo. "La kinyonga wamelijibu mara mbili."

Riziki alibaki ameinama. Miaka kumi na minane ya chaki, na mwanafunzi wake bora kabisa alisomea ukingoni mwa mkeka bila kufundishwa na mtu.

Hapo mtoto akaliona sanduku. Alilitazama, akamtazama bibi yake, akaona ncha ya gauni lake la Idi imebanwa na kifuniko.

"Bibi, mbona—"

Akajikumbuka. Aliuma mdomo, akapiga goti kwenye majani yenye umande.

"Shika—"

"Marahaba!" alisema Bi Mwantumu, kabla neno halijaisha, na akamvuta kifuani na vumbi lake lote. "Marahaba, mama, marahaba. Haya, sasa uliza."